Wasifu wako LinkedIn mbele ya macho ya anayeajiri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili, nikizitafutia kampuni wahasibu, maafisa ununuzi, wauzaji na mafundi. Maswali haya kuhusu LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi, huwa naulizwa harusini, kwenye daladala, na usiku kwenye simu za watoto wa mashangazi. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko nilikofanyia kazi. Ndugu zetu wa Kenya, mkiona taasisi ya Tanzania wekeni ya kwenu, na mambo yatakwenda.

Hivi kweli mtu wa huku anapata kazi LinkedIn, au ni mambo ya Wazungu?

Anapata, ila si kila kazi. Nafasi ya muuza duka au dereva wa kirikuu bado inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Serikali ya Tanzania nayo inaajiri kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na huko LinkedIn haikusaidii hata chembe. Lakini benki, mashirika yasiyo ya kiserikali, kampuni za simu na kampuni za nje zinazotaka mtu wa Dar, Nairobi au Kigali mara nyingi huchungulia LinkedIn kabla hata ya kutangaza nafasi.

Halafu kuna hili: hata ukituma CV kwa barua pepe, anayeipokea ataliandika jina lako Google, na wasifu wa LinkedIn mara nyingi hutokea juu. Kwa hiyo utasomwa hata kama hukuingia kule kutafuta kazi.

Nimejaza kila kitu, mbona hakuna anayenitafuta?

Kwa sababu wasifu hutafutwa kwanza, ndipo usomwe. Wengi wanaandika wakimfikiria msomaji aliyetulia na kikombe cha kahawa. Msomaji huyo hayupo.

Chukua asubuhi yangu moja ya kawaida. Meneja wa fedha anataka mhasibu wa tawi la Mwanza. Nafungua ile programu ya LinkedIn wanayolipia waajiri, naandika cheo, nachagua mahali, naongeza neno moja au mawili: QuickBooks (programu ya uhasibu), payroll (hesabu za mishahara). Inaniletea orodha ya watu. Kwa kila mmoja naona picha ndogo, jina, mstari ulio chini ya jina, mahali alipo, kazi ya sasa na moja au mbili za nyuma. Kumfungua au kumpita ni uamuzi wa funda moja la chai. Kama maneno niliyoandika hayamo kwenye wasifu wako, kwenye orodha hukuwemo kabisa. Hukukataliwa, hukuonekana.

Huyo mhasibu wa Mwanza tulimsaka wiki mbili. Mwishowe tulimpata kupitia kwa mlinzi wa jengo, ambaye ni shemeji yake: ana CPA(T), cheti cha uhasibu cha Tanzania, amefanya kazi miaka sita, na anaishi hapo hapo Nyamagana. Kumbe LinkedIn alikuwapo siku zote. Wasifu wake ulisema yuko Dar es Salaam, kwa kuwa aliufungua akiwa chuoni na hakuugusa tena, na kwenye cheo aliandika "Officer II" kama ilivyo kwenye barua yake ya ajira. Nani anatafuta "Officer II"?

Basi kabla hujahangaika na picha, fungua matangazo kumi ya kazi unayoitaka. Chukua daftari, andika maneno yanayojirudia: cheo, programu, sheria, vyeti. Hayo ndiyo maneno nitakayoyaandika mimi kwenye kisanduku cha kutafutia, maana aliyeandika tangazo na anayetafuta mara nyingi ni mtu yule yule. Yale unayoyaweza kweli yaingize kwenye wasifu kama yalivyo. Afisa ununuzi wa Tanzania ambaye hajataja NeST popote, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, ananitia shaka kama bado yumo kwenye fani. Fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ataje na daraja lake.

Kazini kwangu cheo kina jina la ajabu. Nikibadilisha si nitakuwa nimedanganya?

Inategemea umebadilisha nini. Kama barua inasema "Officer II" na kazi yako ni uhasibu, kuandika "Accountant" ni kutafsiri tu. Kama wewe ni msaidizi ukajiandika meneja, huo ni uongo, na utafichuka siku nitakapompigia simu mwajiri wako wa zamani. Ukiwa na wasiwasi andika vyote viwili: jina la sokoni kwanza, la barua baadaye.

Mstari ule wa chini ya jina niandike nini?

Usipoandika kitu, LinkedIn yenyewe itakuwekea cheo chako na mahali unapofanyia kazi. Si vibaya, ila unapoteza nafasi ya herufi 220, na mstari huu unakufuata kila mahali: kwenye orodha ya utafutaji, ukitoa maoni, ukiomba kuungana na mtu.

Nawaambia watu waweke vitu vitatu: kazi, zana au cheti, na aina ya sehemu ulizofanyia. Kwa mfano: "Accountant, CPA(T) | Tax Returns, Payroll, QuickBooks | NGO, Manufacturing". Haina mbwembwe, na ndiyo maana inafanya kazi. Weka cheo mwanzo kabisa, kwa sababu kwenye simu mstari hukatwa katikati.

Yale maneno ya "mtu mwenye ndoto kubwa", "mpambanaji", "kiongozi wa kesho" yaache kwenye status ya WhatsApp. Na "Unemployed" au "Seeking opportunities" peke yake inaniambia unachokihitaji wewe, wakati mimi natafuta ninachokihitaji mimi. Hata kama huna kazi leo, wewe bado ni mhasibu.

Picha ya pasipoti yenye bluu nyuma inafaa?

Inafaa kuliko kutokuwa na picha, na inafaa kuliko ile ya harusi uliyojikata ukaacha mkono wa mtu begani. Lakini picha za pasipoti zina uso wa kituo cha polisi. Simama karibu na dirisha asubuhi, nyuma yako ukuta mtupu, mwambie mdogo wako akupige kwa simu. Uso na mabega vionekane. Suti si lazima. Vaa unavyovaa siku ya kazi. Hijabu, kilemba, rasta, vyote sawa. Usitumie zile programu za kulainisha uso hadi ukija kwenye usaili mapokezi wakuulize jina mara mbili.

Sehemu ya "About" ina nafasi kubwa, niandike hadithi ya maisha yangu?

Nafasi ni herufi 2,600, lakini msomaji huonyeshwa mistari michache ya kwanza tu, mingine mpaka abofye. Kwa hiyo ile "Nilizaliwa katika familia ya watoto saba" inakula mistari pekee ambayo una hakika itasomwa.

Anza na unachokifanya na ushahidi wake. Linganisha watu wawili. Wa kwanza anasema ni mchapakazi, mwaminifu, anayejituma na anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Wa pili anasema: "Kwa miezi 30 mfululizo niliwasilisha ritani za VAT za kampuni yenye matawi manne kabla ya tarehe 20, bila faini hata moja." Huyu wa pili hajajisifu popote, ila mimi nimeshajua ni mwaminifu, anajituma, na shinikizo analijua, kwa sababu yeyote aliyewahi kufunga hesabu za matawi manne ikifika tarehe 18 anajua ni moto wa namna gani.

Tatizo ninaloambiwa kila mara ni hili: "Kazi yangu haina namba." Karibu kila kazi inazo. Mtunza stoo ana idadi ya bidhaa na tofauti ya hesabu mwisho wa mwaka. Mwalimu ana ukubwa wa darasa. Mpokea wageni ana simu za kwa siku. Muuguzi ana vitanda vya wodi. Kaa chini na mtu mliyefanya naye kazi mkumbushane. Peke yako utasahau, maana mambo uliyoyazoea huyaoni tena kama kazi. Namba usiyo na hakika nayo iache. Na siri za mwajiri, kama mauzo yake au majina ya wateja wake, si zako kuzianika. Unaweza kusema ulipunguza upotevu wa mali kwa nusu bila kutaja shilingi.

Malizia kwa sentensi moja ya kazi unayoitafuta, na barua pepe. Barua pepe yenyewe iwe na jina lako. Ile ya "sexyboy" uliyoifungua kidato cha pili iache ipumzike.

Nimemaliza chuo juzi, sina uzoefu. Niweke nini?

Una uzoefu, umeuweka kwenye fungu lisilo lake. Mafunzo kwa vitendo, yale mnayoyaita field na Wakenya attachment, yaweke kwenye kazi, ukieleza wazi kwamba yalikuwa mafunzo. Usiandike "nilijifunza mambo mengi". Andika ulichokigusa: ulipanga risiti za EFD (mashine za kodi) za miezi miwili, ulihesabu stoo, uliingiza data za kaya mia tatu kwenye Excel.

Uweka hazina wa chama cha wanafunzi ni kazi. Duka la mama ulilolitunzia daftari la madeni ni kazi, na mimi binafsi humheshimu aliyewahi kudai madeni ya mtaani. Mradi wa mwisho wa chuo uweke kwa kichwa chake na matokeo yake, na kama una kitu cha kuonyesha, kile kisanduku cha "Featured" kimewekwa kwa ajili hiyo.

GPA iweke kama inakupendeza. Kama haikupendezi, nyamaza, tukiitaka tutaiuliza.

Kiswahili au Kiingereza?

Kiingereza, kwa kazi nyingi za huko LinkedIn, kwa sababu waajiri wanaandika maneno ya kutafuta kwa Kiingereza hata kama usaili wenyewe utaishia kwa Kiswahili. Hilo haliniburudishi, lakini ndivyo lilivyo. Kiwe Kiingereza chako, kifupi na sahihi. Sentensi fupi haziaibishi mtu.

Ila nashangaa wasifu wa Watanzania wangapi, kwenye sehemu ya lugha, unataja Kiingereza na Kifaransa cha miezi mitatu, na Kiswahili hakimo! Wapo wanaotafuta wafasiri, wahudumu wa wateja na wakufunzi kwa neno hilo hilo, na tangu 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, pia. Kiweke, kwa kiwango cha lugha mama. Kama unasema Kihaya au Kimakonde, weka pia. Mashirika yanayokwenda vijijini huuliza.

Wasifu wote nimeandikiwa na akili bandia. Kuna shida?

Kuitumia kusahihisha Kiingereza, hakuna shida. Shida ni pale watu hamsini kwenye orodha yangu wanapokuwa wote "wataalamu mahiri wenye rekodi iliyothibitika". Mashine haijui kwamba ulikuwa unafunga hesabu kwa taa ya simu umeme ukikatika. Ipe mambo yako halisi, kisha ukilisoma neno ambalo huwezi kulitamka mbele yangu bila kujikwaa, lifute.

Nilikaa nyumbani miaka miwili nikilea mtoto. Nizibe vipi hilo pengo?

Usilizibe. LinkedIn ina kipengele cha "Career break" tangu 2022: unachagua sababu, unaandika tarehe. Mstari mmoja unatosha: ulilea, uliuguza mzazi, kampuni ilifungwa. Ninachotaka kujua ni kama fani bado unaifahamu, kwa hiyo ongeza kozi au kibarua ulichofanya katikati. Wanaonitia wasiwasi ni wale walionyoosha tarehe za kazi ya zamani zikafunika pengo, maana CV yao inasema jambo jingine, na hizi karatasi mbili naziweka sambamba.

Niwashe "Open to Work"? Bosi wangu si ataona?

Hiyo ni alama ya kusema unatafuta kazi, na kuna namna mbili. Ya kwanza inaonekana na watu wote, na inaweka duara la kijani kwenye picha. Ya pili inaonekana kwa waajiri wanaotumia ile programu ya kulipia tu, bila duara. LinkedIn husema inajaribu kuwaficha waajiri wa kampuni unayofanyia, lakini haitoi uhakika kamili. Kwa hiyo kama bado uko kazini na bosi wako ni mwepesi wa hasira, chagua ya pili na ujue kuna hatari kidogo iliyobaki. Kama huna kazi, washa la kijani bila haya. Kuna wanaosema linakufanya uonekane mwenye njaa. Mimi linanipunguzia kazi: najua nikikuandikia utajibu.

Ukiwasha, jaza vyeo unavyovitaka na mahali. Hapo ndipo pa kuandika Dubai au Muscat kama unataka kwenda. Mahali unapoishi pabaki pale ulipo. Ukijiweka Dubai na uko Tandika, mwajiri wa Dubai atakuita usaili wa kesho na wa Dar hatakuona.

Jambo moja dogo linalowaumbua watu: kabla ya kurekebisha kazi zako, zima ile swichi ya kutaarifu mtandao wako. Nimewahi kumwona mtu akipongezwa na ofisi nzima kwa "kazi mpya" kwa sababu alikuwa anasahihisha tarehe tu.

Ujuzi niweke mwingi kiasi gani?

Nafasi ni nyingi kuliko unavyohitaji. Weka unaoweza kuulizwa maswali matatu mfululizo ukajibu. "Microsoft Word" mwaka huu haimshangazi mtu.

Namwombaje bosi wa zamani aniandikie pendekezo?

Mrahisishie. Ukimwambia "naomba uniandikie kitu", atasema sawa na hatafanya, si kwa ubaya. Mwandikie hivi: "Shikamoo mzee, habari za siku nyingi. Natafuta nafasi ya usimamizi wa stoo. Ungeweza kunisemea mistari mitatu LinkedIn kuhusu lile zoezi la kuhamisha ghala tulilofanya pamoja? Hata nikikukumbusha tarehe na idadi ya mizigo, niko tayari." Umempa mada, umempa urefu.

Mawili yanatosha, mojawapo likitoka kwa aliyekuwa juu yako. Mapendekezo ya marafiki watano waliosifiana wiki moja tunayatambua.

Lazima niposti kila siku?

Hapana. Sijawahi kumwajiri mhasibu kwa sababu ya posti zake.

Nimtumie afisa ajira ujumbe? Wengi hawajibu.

Wengi hawajibu kwa sababu wengi wanaandikiwa "Hi" halafu kimya, au "Naomba kazi yoyote boss". Kazi yoyote haipo. Kila nafasi ina jina. Andika salamu, nafasi uliyoiona, sababu moja kwa nini ni wewe, basi. "Habari za kazi dada. Nimeona mnatafuta afisa ununuzi Dodoma. Nina miaka minne ya zabuni, miwili kati yake kwenye NeST, na niko Dodoma tayari. Nimeshaomba kwenye mfumo. Naomba tu upate kuliona jina langu." Ujumbe wa namna hii huwa najibu, hata kama jibu ni hapana. Nafasi ya maelezo kwenye ombi la kuungana ni finyu, herufi 200 hivi kwa akaunti ya bure, kwa hiyo ufupi umeshaamuliwa kwa niaba yako.

Na koneksheni? Zipo, nisikudanganye. Ila koneksheni anayetaka kukusaidia naye anahitaji kitu cha kumtumia bosi wake, na kiungo cha wasifu uliokamilika ndicho chepesi kuliko vyote. Kibadilishe kwanza kwenye mipangilio kiwe na jina lako bila ile mikia ya tarakimu.

Nilipie Premium?

Hiyo ni LinkedIn ya kulipia kila mwezi. Usianze nayo. Haiandiki wasifu kwa niaba yako. Tumia mwezi wa majaribio pale unapoomba kazi kwa bidii, na weka kengele kwenye simu ya kuifunga kabla kadi haijakatwa.

Kuna mtu kaniandikia kwamba nimechaguliwa, nitume pesa ya "medical".

Mfungie mlango. Mwajiri anayelipa mshahara haanzi kwa kukuomba pesa. Kagua wasifu wake: ulifunguliwa lini, ana watu wangapi, barua pepe yake ni ya kampuni au ya Gmail. Kenya mawakala husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na unaweza kukagua jina. Tanzania wakala wa ajira anatakiwa awe na leseni, mwombe akuonyeshe. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), ya pasipoti au picha ya cheti cha kuzaliwa visikae kwenye wasifu wako hata siku moja.

Nimeshapata kazi. Niufute?

Usiufute. Zima "Open to Work" siku hiyo hiyo, maana bosi mpya naye anachungulia. Kazi mpya wapo wanaoiweka siku ya kwanza. Mimi nilingoja nipite kipindi cha majaribio. Na kila mwisho wa robo mwaka nafungua daftari langu, naandika namba mbili au tatu za nilichofanya, ningali nazikumbuka na bado naweza kuziona kwenye mfumo wa ofisi. Siku ukikabidhi kompyuta ya kampuni, zile ripoti zinabaki huko.